SEHEMU YA NINI?

Mtoto wa darasa la nne katika mtaa wowote wa Temeke, iwe Tandika, Mtoni au Mbagala, akitumwa dukani na mama yake kuleta robo ya sukari na nusu ya unga, huenda na kurudi bila ya kosa. Anajua kwamba robo ni ndogo kuliko nusu. Anajua kwamba robo mbili ni nusu, na muuza duka akijaribu kumpunja, aghalabu hulitambua jambo hilo kabla hajavuka kizingiti. Mtoto huyo huyo, asubuhi ya pili yake, akiulizwa ubaoni ni ipi iliyo kubwa baina ya sehemu ya nne na sehemu ya nane, hujibu kwa sauti ya juu kwamba ni sehemu ya nane, kwa kuwa nane imeishinda nne. Akitakiwa kujumlisha 1/2 na 1/3, hujumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, akaandika 2/5, kisha akakaa kitako ameridhika. Haoni kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Ameongezewa, naye amepungukiwa!

Jambo hili si la Temeke peke yake. Ukivuka mji hadi Tandale, Mwananyamala na Kawe katika Kinondoni utalikuta, na ukipanda boti hadi Malindi utalikuta likikungoja Unguja. Wazazi huliona dogo. Lakini sehemu ndiyo njia panda ya hisabati: uwiano, asilimia, mteremko wa mstari, riba, kasi na aljebra yote ya sekondari hupita hapo. Asiyepita hapo hafiki kokote. Kwa miaka kadhaa sasa, matokeo ya kidato cha nne yanayotangazwa na Baraza la Mitihani la Taifa yameonyesha kwamba katika kila watahiniwa watano wa Hisabati anayefaulu ni takriban mmoja, na mwaka ukiwa mwema ni takriban mmoja katika wanne. Husemwa kwamba walimu wa somo hilo hawatoshi, na kwamba lugha ya kufundishia hubadilika ghafla mtoto aingiapo sekondari. Yote hayo ni kweli, wala safu hii haiyapuuzi. Hata hivyo liko jambo lililotangulia kidato cha kwanza kwa miaka mingi, nalo hutendeka kwa Kiswahili, katika darasa la tatu na la nne, mbele ya mwalimu ambaye mtoto anamwelewa vizuri kabisa.

Mtoto hufundishwa kwamba sehemu ni namba mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine na kutenganishwa kwa mstari. Ya juu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Baada ya hapo hupewa kanuni: tafuta kigawe kidogo cha shirika, geuza ya pili kisha zidisha, kata juu na chini. Kanuni hizo ni sahihi zote. Lakini hakuna aliyemwambia mtoto kwamba mstari ule uliopita katikati ni alama ya kugawanya, na kwamba namba zile mbili kwa hakika ni namba moja, yaani mgao.

Tuchukue chapati tatu na watoto wanne. Mwaka mmoja nyuma mtoto aliambiwa kwamba 3 kugawanya kwa 4 haiwezekani, aandike sifuri, baki tatu. Nyumbani kwao hakuna mama aliyepata kuwaambia watoto wanne wenye njaa kwamba haiwezekani, chapati zibaki tatu. Mama hukata. Kila chapati huipasua mapande manne, kila mtoto akapata pande moja katika kila chapati, na mapande hayo matatu ni robo tatu ya chapati moja. Basi 3 kugawanya kwa 4 ni 3/4. Jibu lilikuwa limeandikwa ndani ya swali lenyewe. Namba za namna hii, yaani zote zinazoweza kuandikwa kama namba nzima moja juu ya namba nzima nyingine, wanahisabati wamezipa jina la namba wiano, nao wameweka sharti moja tu, kwamba ile ya chini isiwe sifuri. Sharti hilo nalo mama analijua: chapati tatu hazigawanyiki kwa watoto ambao hawapo.

Kadhalika mtoto huaminishwa kwamba kugawanya maana yake ni kupunguza. Akikutana na 6 kugawanya kwa 1/2, na jibu likawa 12, hudhani mwalimu amekosea, au huikubali kanuni kama mtu akubalivyo amri. Mwenye duka pale Mbagala Rangi Tatu akipokea kilo sita za sukari, akaketi jioni kuzifunga katika vifuko vya nusu nusu, hashangai kupata vifuko 12. Akifunga robo robo atapata 24. Swali la kugawanya kwa nusu ni kuuliza, katika sita zimo nusu ngapi? Likiulizwa hivyo, mtoto wa miaka tisa hulijibu bila ya kugeuza wala kuzidisha.

Mwandishi wa makala haya alianza chuoni kabla ya shule. Kule chuoni, baada ya kuhitimu juzuu kadhaa, aliketi pembeni ya wakubwa waliokuwa wakisomeshwa mirathi, akasikia nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, yaani mafungu sita yaliyotajwa katika Sura ya Nisaa. Miaka michache baadaye shule ilimfundisha 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6. Haikupata kumpitikia yeyote kumwambia kwamba ni mambo yale yale, na mwandishi aliyagundua mwenyewe akiwa mtu mzima. Hilo hadi leo linamuudhi, maana wale wakubwa wa chuoni, ambao baadhi yao hawakuwa wamemaliza darasa la saba, walikuwa wakitafuta kigawe kidogo cha shirika kila siku ya Mungu pasipo kulijua jina lake.

Mwanachuoni wa mirathi hutangulia kutafuta namba moja ambayo mafungu yote ya warithi yatatoka ndani yake yakiwa mazima. Akiwapo mke mwenye thumni na mama mwenye sudusi, namba hiyo ni 24: mke achukue 3, mama achukue 4. Namba zenyewe ni saba tu katika elimu hiyo, nazo ni 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Jina lake? Asili ya mas-ala. Vitabu vyetu vya shule za msingi navyo huiita namba ya chini ya sehemu asili. Neno ni lile lile, na kazi yake ni ile ile. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika mjini Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, aliyatengea masuala ya wasia na mirathi sehemu kubwa ya kitabu hicho. Hakuona kwamba ameiacha hisabati akaenda kwingine.

Yako masuala ambamo mafungu hukataa kuenea. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana theluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi. Katika 24 wanachukua 3, 16, 4 na 4, jumla yake 27. Mali ni 24, madai ni 27. Husimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imegeuka tusui, kisha akaendelea na hotuba. Maana ya jawabu ni kwamba asili imepandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mrithi akabaki na hesabu yake ya mafungu, ila fungu lenyewe likapungua; na 3 katika 27 ni sehemu ya tisa. Hakuna aliyedhulumiwa zaidi ya mwenziwe, kwa kuwa wote wamepunguziwa kwa uwiano mmoja.

Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba uko mfano mwingine, ulio mwepesi zaidi. Senti hamsini wazee waliiita thumni, au sumni kama walivyotamka wengine. Thumni ni sehemu ya nane. Lakini senti hamsini si sehemu ya nane ya shilingi, bali ni nusu yake! Wazee hawakukosea hesabu. Jina lilitoka katika zama za kuhesabu kwa riale, ikawa hiyo ni sehemu ya nane ya riale. Riale ikaondoka, shilingi ikaja, jina likabaki limening'inia bila ya asili yake. Mtoto anayesikia thumni, nusu na senti hamsini vikitajwa kwa sarafu moja ana haki ya kuuliza: thumni ya nini?

Swali hilo ndilo tunalotaka liulizwe darasani. Turudi kwa mtoto wetu na 2/5 yake. Mwalimu huichora alama ya kosa kwa wino mwekundu, akapita kwenye daftari jingine. Lakini kosa lile lina akili ndani yake. Tuseme katika dawati la kwanza wamekaa watoto wawili, mmoja wao amevaa viatu. Katika dawati la pili wamekaa watatu, mmoja wao amevaa viatu. Nusu ya dawati la kwanza, theluthi ya dawati la pili. Katika madawati yote mawili wenye viatu ni wawili katika watano, yaani 2/5. Mtoto amejibu sawasawa swali ambalo hakuulizwa. Yeye alizijumlisha asili mbili zilizo tofauti, dawati na dawati, ilhali mwalimu alikusudia nusu na theluthi za kitu kimoja, za mkate mmoja. Mwalimu angesema mkate, mtoto angepata 5/6. Hakusema kitu, aliandika namba tu.

Na wala watoto si wakosaji peke yao katika jambo hili. Afisa mmoja anaweza kuwa na shule mbili katika taarifa yake. Ya kwanza ina walimu 10 na wanafunzi 200, yaani wanafunzi 20 kwa kila mwalimu. Ya pili, kama zilivyo baadhi ya shule za Mbagala ambazo watoto wake huhesabiwa kwa maelfu, ina walimu 30 na wanafunzi 3,000, yaani 100 kwa kila mwalimu. Afisa huchukua 20 na 100, akazigawa kwa mbili, akaripoti wastani wa 60. Kumbe walimu ni 40 na wanafunzi ni 3,200, na mgao wa kweli ni wanafunzi 80. Kiwango kinachokusudiwa na Serikali katika shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kati ya 60 na 80 kuna walimu wengi wa kuomba, na hawataombwa kwa sababu taarifa imekwisha pigwa muhuri.

Wananchi nao hulipia. Huku pembezoni mwa jiji viwanja huuzwa kwa hatua, 20 kwa 20. Mnunuzi mwenye fedha nusu huambiwa atauziwa nusu ya kiwanja, hatua 10 kwa 10, naye hukubali kwa kuwa kumi ni nusu ya ishirini. Hatua 20 kwa 20 ni eneo la 400. Hatua 10 kwa 10 ni eneo la 100. Ametoa nusu ya bei, ameondoka na robo ya kiwanja, na hati ya mauziano imeshuhudiwa na majirani. Dukani mambo ni ya taratibu zaidi. Tuseme kilo ya kitu inauzwa shilingi 3,000, na robo yake inauzwa shilingi 800. Robo nne ni 3,200. Mwenye kununua kwa kilo na mwenye kununua kwa robo wanatofautiana shilingi 200, na anayenunua kwa robo ni yule asiyekuwa na 3,000 mkononi. Akifikisha kilo 15 kwa mtindo huo amekwisha kulipa bei ya kilo 16. Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba, lakini haikusema haba moja inauzwaje. Hatumlaumu mwenye duka, ambaye ana vifuko vya kununua na muda wa kufunga. Tunataka tu mnunuzi ajue anacholipa.

Tuje sasa kwenye mambo ya mikutano ya hadhara. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri za Tanzania Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Katika mikutano ya kata utamsikia msemaji mmoja akisema wanawake wana asilimia 4, na mwingine akisema wana asilimia 40, wakabishana mpaka jua likazama. Wote wawili wamesema kweli. Wa kwanza anahesabu kwa mapato ya halmashauri, wa pili anahesabu kwa fungu la mikopo. 4 katika 100 na 4 katika 10 ni fedha zile zile. Mbao za matangazo za ofisi za kata zingeandika mapato kwa shilingi kwanza, kisha asilimia, ubishi huo usingekuwapo, na kikundi cha akina mama wa Keko kingeweza kupiga hesabu chenyewe kwa kalamu na karatasi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nasi tunalitaja kwa sababu wasomaji wetu wa visiwani hulizungumza kila siku barazani. Wakati mali ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipohesabiwa miaka ya 1960, hisa ya Zanzibar ilitajwa kuwa asilimia 11.02. Baadaye, kwa miaka mingi, gawio lake katika misaada ya kibajeti kutoka nje lilihesabiwa kwa asilimia 4.5. Nayo Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Zanzibar watu 1,889,773 katika watu 61,741,120 wa Tanzania nzima, ambao ni takriban asilimia 3.06. Namba hizi tatu huchukuliwa mikononi kama mawe, kila upande ukarusha linaloufaa. Lakini ya kwanza ni sehemu ya mali ya bodi, ya pili ni sehemu ya misaada, ya tatu ni sehemu ya watu. Asili zake ni tatu. Haziwezi kulinganishwa kwa kuzitazama tu, wala moja haiwezi kuikanusha nyingine, kama vile nusu ya dawati isivyoikanusha theluthi ya dawati jingine. Ibara ya 134 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imeweka Tume ya Pamoja ya Fedha kwa ajili ya kuchambua mapato na matumizi ya mambo ya Muungano na kupendekeza mgao. Asili ipi ifuatwe, watu, au mchango, au mahitaji, ni swali la siasa na la haki, na hisabati haitalijibu. Hisabati itawawezesha wanaobishana kujua wanabishania nini, na hilo katika nchi yetu si haba.

Ndiyo maana hatukubali kuambiwa kwamba sehemu ni somo la watoto. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitaka shule isijitenge na maisha ya watu wanaoizunguka, na tangu mwaka huo Kiswahili kikawa lugha ya shule za msingi. Maneno yalikuwapo tayari. Nusu, robo, pishi, kibaba, fungu, thumni: hakuna mtoto wa pwani anayeyahitaji kufasiriwa. Mtaala umebadilishwa mara nyingi baada ya hapo, na wa sasa ulioanza kutumika mwaka 2024 unasifiwa kwa kuweka mbele umahiri na utendaji. Tunauunga mkono. Tunawaomba wakuza mitaala waangalie tu kama kanuni ya kugeuza na kuzidisha inamfikia mtoto kabla au baada ya kugawa mkate.

Visiwani liko tatizo la ziada. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Temeke na Magomeni, na watoto huhama kutoka kwa shangazi hadi kwa mjomba kama kazi zinavyohama. Mtoto aliyekulia katika asili na kiasi huku bara hufika Kiembesamaki akakuta maneno mengine, na wa kule akija huku vivyo hivyo. Taasisi mbili za elimu za pande zetu mbili zinaweza kutoa karatasi moja, ya ukurasa mmoja, yenye maneno ya sehemu kwa lugha zote mbili na picha ya mkate uliokatwa, ibandikwe katika kila darasa. Hakuna haja ya kamati kwa jambo hili.

Kwa wakuu wa elimu wa Manispaa za Temeke na Kinondoni ombi letu ni dogo zaidi. Muhula wa kwanza huanza Januari. Kabla ya hapo kila shule ya msingi iweze kupata mizani moja ya dukani, mawe yake ya kilo, nusu na robo, na gunia dogo la mchanga kutoka ufukweni. Darasa la tatu lipime kwa wiki mbili, watoto wenyewe wakishika mizani kwa zamu, na katika wiki hizo mbili mwalimu asiandike sehemu hata moja ubaoni.